Mguu Wangu Ndani ya Ngoma ya Kanisa

Haya, chekeni kabisa sasa hivi mmalize, maana mwanamke mzima, mwenyekiti wa akina mama, mwenye duka la viazi na vitunguu pale karibu na soko la Isiolo, kukaribia kugawa kanisa vipande viwili kwa uvivu wa kwenda kuchukua kiti, hilo si jambo la kusimulia na uso mkavu. Lakini heri niwasimulie mwenyewe, kwa sababu mkilisikia kwa wengine watawaambia nililia. (Nililia, lakini baadaye, na si sana.)

Kanisa letu ni la mabati, si kubwa, na tangu zamani tumekuwa sisi Wameru wa biashara pamoja na Waturkana, ambao kusema kweli ndio waliolianzisha likiwa bado la matope. Tulikuwa tunaelewana. Halafu serikali ya county ikaja, ofisi zikajaa wafanyakazi wageni, baadhi yao wakawa wanaabudu kwetu, wakachanga wakanunua kinanda, na Wameru wenzangu wakakipenda sana. Hapo ndipo kinanda kilianza kugombana na ngoma. Ngoma ilikuwa kubwa, inanifika magotini, ya ngozi ya ng'ombe, na aliyeipiga ni Mama Ekai, rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda chake cha makaa alikuwa anakunywa chai dukani kwangu, amekalia gunia langu la viazi bila kuuliza mtu. Watu wa kinanda walisema ngoma ni kelele. Watu wa ngoma walisema kinanda ni mambo ya disko. Mimi nilikuwa natingisha kichwa pande zote mbili.

Basi Jumamosi moja ilikuwa zamu yangu ya usafi, niko peke yangu, nimebakisha dirisha moja la juu. Viti vyetu vya kusimamia viko ofisini kwa pasta, upande wa pili wa uwanja, na jua la saa saba mnalijua. Ngoma nayo ilikuwa pale pale, imekaa vizuri kabisa. Nikajiambia ni dakika moja tu, nikavua kiatu kimoja (kwa heshima, cha pili kilikuwa na kamba ngumu), nikapanda. Nilipojinyoosha kufikia kona ya kioo nikasikia praa, na mguu wa kulia ukazama mpaka gotini. Nikabaki hapo kitambaa mkononi, mguu mmoja ndani ya ngoma ya kanisa.

Ningempigia Mama Ekai simu wakati huo huo, hadithi ingeishia hapo. Badala yake nikaifunika ngoma na leso, nikaipakia kwenye mkokoteni wangu wa viazi, nikaipeleka dukani nikaificha nyuma ya magunia, nikiwaza kwamba fundi wa ngozi ataishona kabla ya Jumapili na hakuna atakayejua. Fundi alikuwa amesafiri kwenda Sericho kwa matanga, na mtu akienda Sericho humngoji kwa saa, unamngoja kwa wiki.

Jumapili ngoma haipo. Mama Ekai akaitafuta hadi chini ya mimbari. Mzee Mutwiri, mkubwa wa watu wa kinanda, akasimama na kusema, "Mimi nimeona na macho yangu, vijana wao wamebeba hiyo ngoma na pikipiki wakaenda njia ya Gotu, ndio watusingizie sisi." Mzee Ewoi wa upande wa pili hakukubali kushindwa. "Na mimi najua mahali imechomwa. Majivu nimeona. Ni nyinyi." Na mimi niko hapo katikati, najua iko nyuma ya viazi, nashangaa pamoja na wengine.

Kila wiki ikawa ngumu zaidi kusema, kwa sababu sasa haikuwa tena ngozi iliyopasuka, ilikuwa maneno. Nilisikia Wakristo wakiitana wageni na wezi. Wiki ya tatu tukawa na ibada mbili, ya kinanda ndani, na ya Waturkana nje chini ya hema wakiimba kwa makofi. Mama Ekai aliacha kuja kunywa chai kwangu, Mmeru kama wale wa kinanda. Alikuwa anapita mbele ya duka langu na kununua vitunguu kwa jirani, na vitunguu vya jirani ni vibaya, anajua. Hilo lilinichoma kuliko mambo yote.

Ndipo pasta akamwita mwangalizi wetu, mkubwa wa makanisa yetu yote, kutoka Meru. Tungeomba pamoja kwanza, kisha asikilize pande zote, na tukishindwa kupatana, Waturkana wangehamia Ngare Mara wajenge lao. Watu wa kinanda wakaleta spika kubwa ajabu, wakaiweka karibu na kiti cha mwenyekiti wa akina mama, yaani karibu na sikio langu. Nilikuwa na pamba mkobani. Nikaziba masikio yote mawili.

Sasa, kwetu tukiomba tunaomba wote kwa sauti, kila mtu na maneno yake, mpaka pasta apige kengele, na kengele ikilia wote wananyamaza mara moja. Katika zile kelele unaweza kumwambia Mungu hata jambo usiloweza kumwambia dada yako. Nilianza na mambo madogo madogo. Halafu nikageuka nikamwona Mama Ekai amekaa nyuma kabisa, mikono yake imelala juu ya magoti, haina cha kupiga. Nikafumba macho na yote yakamwagika, na mnajua mtu aliyeziba masikio anavyozungumza.

Kengele ikalia. Mimi sikuisikia. Wananiambia niliomba peke yangu dakika nzima.

"...Baba unajua mguu ni huu wa kulia, unajua niliificha nyuma ya viazi, unajua Mzee Mutwiri hakuona pikipiki yoyote, na Mzee Ewoi hakuona majivu, lakini mwongo mkubwa ni mimi, na Mama Ekai hanywi tena chai yangu..."

Mkono ukanigusa. Alikuwa mke wa pasta, akanitoa pamba ya sikio moja, akasema polepole, "Mama Kendi, tumesikia."

Nilifumbua macho. Kanisa zima lilikuwa linaniangalia, isipokuwa Mzee Mutwiri, ambaye ghafla alikuwa na kitu cha kutafuta kwenye Biblia, na Mzee Ewoi, aliyeinama kufunga kamba za akala zake za tairi, na akala hazina kamba. Mama Ekai alikuja mpaka mbele.

"Ulipanda na viatu?"

"Kimoja nilivua."

Akautazama mguu wangu wa kulia. "Hiyo ngoma mama yangu alibeba kwa kichwa kutoka Gotu. Si ungeniambia tu? Ningekugombeza, halafu tungeshona."

Mwangalizi alisema jambo moja tu, "Nenda uilete." Nikaileta kwa mkokoteni, na gauni langu la Jumapili, bila leso ya kuifunika, kanisa zima nyuma yangu, na pale sokoni mama wa maziwa ya ngamia akaniuliza kama siku hizi nauza ngoma.

Habari ya Ngare Mara iliishia hapo. Lakini msidhani kila kitu kilishonwa. Familia tatu zilizoitwa wezi hazijarudi mpaka leo, na siwezi kuwalaumu. Ngozi mpya niliinunua mimi, Mama Ekai akaiwamba mwenyewe, na siku alipoipiga mara ya kwanza aliizima kwa kiganja akasema sauti si ile ya mama yake. Hapo ndipo nililia.

Nimeapa sitapanda tena juu ya chochote kinachopigwa, na nikikosea nitasema siku hiyo hiyo, kabla kosa halijapata mashahidi. Mama Ekai alirudi kunywa chai baada ya miezi miwili. Anakuja kila asubuhi, anakalia gunia lake lile lile la viazi. Ila kabla ya kukaa, analisogeza kwanza, anachungulia nyuma.