Pikapu Iliyotulia

Madalali wa magari walimwita Sikio, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Akitokea getini na ile bisibisi yake ndefu mfuko wa nyuma, mwenye pikapu mbovu alikunja uso hata kabla ya salamu. Walijua kwamba mteja aliyekuja na Sikio hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Kazi yake ilikuwa kukagua pikapu kuukuu kabla mtu hajazinunua, na sharti lake halikubadilika: injini iwe baridi. Alifika mapema, bila taarifa, akaweka kiganja juu ya boneti kabla ya kumpa mtu mkono. Akikuta joto, anaondoka. "Umeipasha ili isikohoe," alimwambia dalali. "Nitarudi ikipoa." Ikiwa baridi, ndipo anavua shati na kuingia uvunguni kutafuta chasisi iliyochomelewa kwa siri, kisha anainua zulia kutafuta kutu. Aliwahi kukuta mita ya kilomita chache na pedali ya klachi iliyolika mpaka chuma. Akamwuliza muuzaji, "Hii ilikuwa inaendeshwa na tembo?"

Mwisho kabisa ilikuja bisibisi. Ncha anaigusisha kwenye injini inayonguruma, mpini anaubana sikioni, anafumba macho. Yadi nzima ilinyamaza, hata wale wapiga soga wa kibandani. Akifumbua macho na kusema "Imetulia," mteja alinunua bila kuuliza tena. Akisema "Inagonga," mteja aliondoka, na dalali alibaki akitukana kimoyomoyo.

Halafu masikio yenyewe yakaanza kumtoroka. Yalianza na vitu vidogo, kama kifuniko cha birika maji yakichemka, ambacho alikuwa amezoea kukisikia akiwa chumbani. Baadaye simu ililia mfukoni mwake na mtu mwingine ndiye aliyemshtua. Mkewe aligundua kabla hata yeye hajakubali. Wakiwa na wageni alikaa upande wake wa kulia, akayarudia maswali yao kana kwamba ni yake: "Eti mzee, shemeji anauliza mgongo unaendeleaje?" Alifanya hivyo kwa ustadi kiasi kwamba wageni walimwona tu mke mwenye maneno mengi.

"Waambie watu," alimsihi siku moja.

"Niwaambie nini? Sikio hasikii? Wale madalali watacheka mpaka waanguke."

"Basi acha kazi."

Hakuacha. Alipunguza wateja kwa kusingizia mgongo, na hao wachache aliwahudumia kwa macho na vidole. Bisibisi aliendelea kuibana sikioni kwa sababu watu waliitarajia, akajidanganya kwamba mtetemo wa mpini unamtosha. Mimi namhurumia, lakini sitamtetea.

Ndipo akaja binti yake. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto wa shule, na aliishi kwa kukodisha viti na mahema ya sherehe. Kila shughuli alikodi gari la mtu, na mwenye gari ndiye aliyeondoka na faida. Sasa alikuwa ameuza kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe ili anunue pikapu yake mwenyewe. Hakikubaki kitu kingine cha kuuza.

"Nimeiona moja, Baba. Lakini siigusi mpaka wewe useme."

Mkewe alikuwa akichambua mchele. Aliinua macho, akamtazama mumewe moja kwa moja, akangoja. Mzee akageuka kutafuta viatu.

Yadini mambo yalianza vizuri. Boneti ilikuwa baridi. Chasisi ilikuwa nzima, haijawahi kuonja moto wa kuchomelea. Zulia lilikuwa kavu, tairi zilikuwa zimelika sawasawa, pedali zilikubaliana na mita. Mzee alitoka uvunguni akiwa na furaha ya kweli, maana alitaka sana mwanawe apate gari zuri. Dalali, kijana mnene mwenye kofia, aliwasha injini. Sikio akaweka bisibisi, akafumba macho.

Alikuta ukimya mtulivu, wa kupendeza. Zamani ukimya wa namna ile ulikuwa na maana moja tu, na mazoea ya miaka yakamjibia kabla hajafikiri.

Alipofumbua macho aliona midomo ya binti yake ikicheza. Alikuwa ameinama karibu na injini, amekunja paji la uso, kidole kinaonyesha chini. Mzee hakusikia neno, lakini aliisoma midomo: "Baba, ni nini hiki kinachogonga? Kama kijiko kwenye kikombe."

Na dalali naye, mzee alimwona. Alikuwa ameshafungua mdomo kutoa udhuru, macho yake yakimkimbia. Hapo neno moja lingetosha. Angesema "sisikii", au hata "sina hakika, tulete fundi mwingine", na pesa za kiwanja cha mkwewe zingepona. Lakini aibu ilimshinda, mbele ya yule kijana na kofia yake.

"Ni valvu hizo," akasema. "Kawaida ya injini baridi. Imetulia."

Dalali akaufunga mdomo wake taratibu. Binti akatabasamu, akampangusa baba yake vumbi la bega.

Pikapu ilifanya kazi vizuri kwa muda, kiasi cha binti kupaka jina la biashara mlangoni. Kisha siku moja, ikipanda mlima na viti vya harusi, chuma kilitoboa injini kutoka ndani, oili ikamwagika barabarani. Fundi aliyeifungua alishangaa. Alisema beringi zilikuwa zimekwisha tangu zamani na gari lilikuwa linagonga waziwazi. "Hata mtoto mdogo angesikia," alimwambia. "Nani alikukagulia?"

Binti alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa wazazi wake.

Mzee alikuwa ua wa nyuma, ameupa mlango mgongo, ananawa mikono kwenye karai. Yaliyotokea nyuma yake alisimuliwa na mkewe, aliyekuwa mlangoni mwa jiko. Binti alisimama hatua chache kutoka kwake, akamwambia yote, akilia kwa sauti: injini, harusi iliyokosa viti, kiwanja. Mzee aliendelea kusugua kucha. Binti akamwita, mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili polepole. Kisha akamtazama mama yake, na mama yake akainamisha kichwa. Binti akachukua kifuniko cha sufuria kilichoanikwa ukutani, akakiachia kwenye sakafu ya saruji. Kuku wa jirani waliruka uzio.

Mzee aligeuka kwa sababu alitaka taulo. Akamwona mwanawe mwenye uso uliolowa, na mbele yake kifuniko kikizunguka sakafuni, kimya kabisa, mpaka kikalala.

Alielewa. Alingoja matusi, na aliyataka kwa moyo wote, kwa sababu mtu hutukanwa na anayemhesabu kuwa mzima. "Uliniona nikiuliza," binti alisema, na mzee aliisoma midomo yake. "Ukanijibu."

"Niliona haya, mwanangu."

Hasira ilimtoka binti usoni, na kilichobaki mzee hakuweza kukistahimili. Binti alichukua taulo, akamkausha vidole kimoja kimoja, kama anavyowafanyia watoto wake. Kisha akamwinamia karibu, akapanua mdomo, akasema naye kwa sauti kubwa na ya polepole iliyosikika mpaka kwa majirani:

"Baba! Umekula?"

Hiyo aliisikia.