Kitabu Ndani ya Gunia la Pareto

Wenzangu mliokulia kule Mufindi, ndani kidogo ukitokea Nyololo, mtanielewa nikisema kwamba tulipokuwa wadogo muda wa kusoma haukuwepo. Vilikuwepo vipande tu. Kipande cha kulinda sufuria ya kande isiungue, kipande cha kusubiri zamu bombani, na kile kirefu kuliko vyote, cha kulinda pareto juani. Maua yale meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu tuliyachuma asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, tukayatandaza juu ya turubai na kuyageuza mara kwa mara ili yakauke sawasawa. Harufu yake iliingia kwenye sweta, kwenye nywele, hata kwenye viazi tulivyochoma majivuni. Kati ya kugeuza na kugeuza tena, mtu unapata ukurasa mmoja.

Darasa letu la tano lilikuwa na kitabu kimoja cha hadithi. Mwalimu alikifunika kwa karatasi ya kaki, akawa anakitoa kwa zamu, Ijumaa hadi Jumatatu. Ukikipoteza, hugusi kingine mpaka umalize shule. Zamu yangu niliisubiri miezi, na ilipofika ikaangukia wiki ya kuuza pareto.

“Macho kwenye pareto, siyo kwenye karatasi,” mama alisema. “Karatasi haiozi.”

Jumamosi hiyo niliegemea gunia la maua yaliyokwisha kukauka, nikisoma. Nikasikia hatua za mama. Kwa hofu nikakichomeka kitabu ndani ya gunia, nikakizamisha mpaka mkono ukaingia hadi kiwiko. Mama hakuona kitu. Alinipa ndoo, nikaenda kuteka maji. Foleni ilikuwa ndefu. Niliporudi, gunia halipo.

“Baba yako ameshalipeleka kwa wanunuzi,” mama alisema. “Mbona umeshtuka hivyo?”

Ninyi mnajua kwa nini nilishtuka. Enzi zile walikuwepo waliochanganya mawe na udongo ili gunia liwe zito. Aliyekamatwa, gunia lake lilimwagwa chini watu wakiangalia, na kituo cha wanunuzi hakikupokea tena pareto yake. Jina lake lilitembea kijijini kuliko yeye mwenyewe. Na baba alikuwa mtu ambaye gunia lake halikupekuliwa, kwa jinsi alivyoaminika.

Nilikimbia. Mimi, niliyejificha nyuma ya mlango wageni wakija, ambaye hata “kamwene” ya kumsalimia jirani ilinitoka kwa shida, nilikimbia kwenda mahali palipojaa watu, na njia nzima sikujua nitasema nini.

Nilichelewa. Karani wa siku hiyo alikuwa mgeni, hakumjua baba, na mkono wake ulikuwa tayari ndani ya gunia. Akatoa kitabu, akakiinua juu.

“Mzee, wenzako wanaweka mawe. Wewe umeamua kuweka elimu?”

Watu walicheka. Baba alisema, “Sijui kimefikaje humo.” Lo! Kila aliyewahi kukamatwa alisema hivyo hivyo. Niliona watu wa foleni wanaanza kutazamana.

“Ni changu,” nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, kwa sauti ambayo sikuijua. “Ni cha shule! Nimekificha mimi.”

Karani alinitazama kuanzia miguuni. “Amekufundisha useme hivyo? Haya, kama unakisoma, kinasemaje?”

Nikaanza kusimulia, macho yangu kwenye mizani: msichana, bibi yake mgonjwa, mbuzi aliyepotea, mto uliofurika. Mwanzoni nilisikia watu wakikohoa. Nilipofika kwenye daraja linalokatika, hakuna aliyekohoa. Nikaishia hapo.

“Halafu?” mama mmoja wa kwenye foleni akauliza.

“Sijui. Nilikuwa nimefika hapo, mama yangu akaja.”

Walicheka tena, ila safari hii hawakumcheka baba. Karani alikikung’uta kitabu, akanikabidhi, akaliweka gunia kwenye mizani.

Njia nzima nilitembea nyuma ya baba. Nilihesabu fimbo zangu kimoyomoyo. Tulipofika nyumbani alimwita mama.

“Mtoto huyu anasoma kama mwizi,” alisema. “Kuanzia leo, pareto ikishageuzwa mchana, nitalinda mimi. Asiitwe.”

“Na maji je?”

“Maji yatasubiri.”

Basi kila mchana alikaa kwenye kigoda karibu na turubai. Jirani akija kunituma, au mama akisahau na kuniita, baba aliinua kiganja. “Anasoma.” Yeye mwenyewe alisoma kwa kufuata herufi kwa kidole, na mara chache alimaliza barua bila msaada.

Sasa niko Mbeya, nashona nguo kwenye kibanda karibu na soko. Mdogo wangu ana simu yenye vitabu vingi kuliko shule yetu nzima ya wakati ule, lakini akikuta maneno yanayozidi aya mbili ananiletea: “Dada, kwa kifupi wanasemaje?” Ningemcheka vizuri zaidi kama kitabu changu kisingekuwa kimelala kwenye droo ya cherehani tangu Pasaka. Haya ninayoandika yenyewe yamenichukua wiki tatu, mstari mmoja kati ya suruali na suruali.

Zamani kazi ilikuwa nyingi, na baridi, na kitabu kilikuwa kimoja, lakini saa ile ya mchana ilikuwa yangu na ilikuwa na mlinzi. Leo hakuna anayenikataza kusoma. Nafungua kitabu wakati wa chakula, mteja anaita “Fundi!”, nami nanyanyuka kabla hajaita mara ya pili. Kituoni siku ile niliweza kusema mbele ya watu wote, kwa ajili ya baba. Kumwambia mteja mmoja angoje kidogo, kwa ajili yangu mwenyewe, bado sijaweza.