Maji ya Kunawa Yako Ndani

Wengi mnataka kujua miguu yangu ilirudije. Nitawaambia. Lakini kuna jambo linalonifanya niinamishe uso hadi leo, na nisipolitaja nitakuwa nimeshuhudia nusu.

Nilikuwa na hoteli ndogo ya chai karibu na soko, Mwanza mjini. Niliifungua miaka ile ya ruksa, serikali ilipowaachia watu biashara, baada ya mume wangu, Baba Kulwa, kupunguzwa kazi kwenye kiwanda cha pamba. Kila mtu alikuwa anafungua kitu. Niliuza chai ya maziwa na chapati, na mchana ugali kwa mapanki, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuchukua minofu. Mlangoni nilijengesha ngazi tatu, nikazipaka rangi nyekundu na kuzisugua mpaka zikang'aa. Niliwaambia watu zinazuia maji ya mvua yanayoshuka mlimani, na kweli zilizuia. Ila nilizipenda zaidi kwa sababu jirani yangu hakuwa nazo.

Zilimzuia pia mzee Masalu, fundi saa, aliyepooza miguu tangu utotoni. Alitembelea kiti cha magurudumu na kukisukuma kwa mikono yake mwenyewe. Kila asubuhi alikisimamisha nje, pembeni ya mtaro, na Sesilia, msichana wangu wa kazi, alimpelekea chai na chapati hapo hapo. Siku moja aliomba maji ya kunawa. Jagi na beseni vilishawahi kuibiwa nje, kwa hiyo nilikuwa nimeweka sheria kwamba havivuki mlango. Nilimjibu kutoka ndani, kwa sauti ya kusikika na wote: "Maji ya kunawa yako ndani, baba."

Aliangalia viganja vyake, vyeusi kwa tope la magurudumu. Akavipangusa kwenye suruali, akala. Wateja walicheka. Nami nilicheka. Hakuomba tena, na baada ya muda hakuja tena, wala sikujiuliza kwa nini.

Ugonjwa wangu ulianzia mgongoni. Nilidhani ni kuinama kwenye jiko la mkaa. Nilijichua, nikajifunga kanga kiunoni, nikaendelea kukanda unga. Nikaanza kukonda. Jioni mwili ulichemka, na shuka zililowa jasho. Katikati ya mgongo kikatokeza kinundu, kisha miguu ikaanza kufa ganzi. Asubuhi moja nilikuwa namimina chai nikaona watu wananitazama chini. Mkojo ulikuwa umetoka wote, nami sikuusikia. Nilipotaka kukimbilia uani, miguu ikagoma, nikaanguka mbele ya wateja wangu na birika mkononi.

Hospitalini daktari alinigonga mgongo kwa vidole, akatazama picha. "Mama, hii ni TB. Imekula mifupa ya mgongo, sasa inabana neva za miguu."

"TB bila kukohoa?" Baba Kulwa aliuliza.

"Bila kukohoa, baba. Inatibika, ila mtavumilia sana."

Nilichomwa sindano mpaka makalio yakawa magumu. Nilimeza vidonge vilivyogeuza mkojo kuwa mwekundu, na mkojo wenyewe ulipita kwenye mrija. Nilipata kidonda cha kulala, kikubwa kama kisahani. Sikukisikia kuuma, nilikisikia kunuka. Wageni walipokuja kunitazama nilijifanya nimelala, kwa aibu ya harufu ile.

Baada ya miezi mingi niliruhusiwa, bila mrija, lakini nikiwa bado natembelea kiti cha magurudumu. Nilitaka nikaione hoteli yangu. Baba Kulwa alitangulia, nami nikajisukuma nyuma yake kwenye tope la sokoni ili watu waone nina nguvu. Tukafika kwenye ngazi zangu tatu.

Wateja wawili waliinuka kutaka kunibeba. Nilikataa. Nilikuwa nimejifunga vitambaa kama mtoto mchanga, na vilikuwa vimeshalowa. Nikasema napenda hewa ya nje. Nikakaa pembeni ya mtaro, pale pale pa mzee Masalu. Sesilia akaniletea chai na chapati. Nikatazama mikono yangu.

"Sesilia, niletee maji ninawe."

Alisimama, akatazama mlango, akanitazama mimi. Hakuwa na ubaya wowote, maskini. "Mama, si ulisema ya kunawa hayatoki nje?"

Nililia, na Sesilia alidhani mgongo umeniuma.

Wiki ile Baba Kulwa alileta fundi, ngazi zikavunjwa, ukamwagwa mteremko wa saruji. Siku ya kwanza nilipoupanda nilirudi kinyumenyume, nusura niingie mtaroni. Fundi alishangaa, kwa sababu yeye aliupanda kwa miguu bila shida. Nikajua ni nani wa kutushauri. Nilimtuma mume wangu akamwite mzee Masalu, akarudi peke yake. "Amesema uende mwenyewe."

Nilikwenda. Mzee Masalu alikuwa kivulini kwenye baraza ya duka la vitambaa, ameinamia saa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Naona na wewe umepata usafiri."

"Baba, nimekuja kuomba radhi. Nilikukosea."

"Kwa lipi? Litaje."

Nililitaja. Nilitaja mtaro, nikataja maji, nikataja na kicheko changu, pale pale mbele ya wauza vitambaa. Ulimi ulikuwa mzito kuliko miguu. Hakusema amenisamehe. Alifunga kifuniko cha saa, akasema, "Mteremko wenu nimeuona. Ule ni wa kupandishia magunia, siyo mtu. Urefusheni, uanzie mbali, ufuate ukuta. Na pale juu mlangoni muache sehemu bapa, mtu apumzike."

Tulifanya alivyosema. Benchi mbili za nje zilitolewa kuupisha. Saruji ilipokauka nilimwalika. Alipanda taratibu, akapumzika juu, akaingia. Alitazama meza, akatazama kalenda ukutani, akainua macho darini.

"Kumbe humu ndani mna feni," akasema.

Miaka yote ile alikunywa chai yangu juani. Nilichukua jagi, Sesilia akashika beseni, nikammiminia maji mikononi mpaka yakatoka meupe.

Miguu yangu ilirudi polepole. Kidole gumba cha kulia ndicho kilichotangulia kucheza, na leo natembea kwa fimbo. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, namshukuru Baba Kulwa aliyefua vitambaa vyangu bila kukunja uso. Wewe unayeumwa mgongo usiokoma, usijichue tu, nenda ukapimwe, na dawa uzimalize hata ukijiona umepona.

Na wewe mwenye hoteli, usingoje kuugua. Azima kiti cha magurudumu, ukikalie, ujisukume sokoni mpaka mikono ichafuke, kisha simama nje ya mlango wako uombe maji ya kunawa. Sikiliza wafanyakazi wako watakujibu nini, maana hayo ni maneno yako.