Mashine Tatu na Uso wa Pacha

Ofisini walimwita Bi Nyuso, naye hakuchukia. Kuna watu wana majina ya utani mabaya kuliko hilo. Kazi yake ilikuwa kuzishindanisha programu tatu za kutambua sura. Anaziwekea picha mbili, anauliza: huyu ni mtu mmoja au wawili? Kisha anaandika ipi imepatia na ipi imechemsha.

Mtu akikaa sana na kitu hukipa jina, kwa hiyo alizibatiza zote. Ya kwanza ilikuwa Fundi Cherehani, maana ilijua kupima tu: jicho hadi jicho, pua hadi mdomo. Ukicheka, vipimo vyake vinaharibika. Ya pili, Mpishi, ilichanganya nyuso zote ikapata uso mmoja wa wastani, halafu ikamtambua kila mtu kwa alivyotofautiana na uso huo. Taa ikipungua, inapotea njia. Ya tatu ilikuwa Mwanafunzi. Hiyo ilipewa mamilioni ya picha ikajisomea yenyewe, na ukiiuliza imejuaje, haina jibu. Jeuri tupu, lakini ilikuwa inaongoza.

Bi Nyuso alikuwa na kaka, pacha wake. Kaka huyo aliondoka nyumbani angali kijana kwenda kutafuta maisha, akapiga simu mara chache, kisha kimya, kama ardhi imemmeza. Tangu hapo dada mtu hakupita penye watu bila kuwakagua wanaume usoni. Alimtamani ndugu yake hadi akawaonea wivu watu waliogombana na kaka zao.

Nyumbani alibaki na mama yake. Kila jioni akirudi, mama humwambia, "Geukia dirishani kidogo, mwanangu." Bi Nyuso alidhani macho ya mama yamechoka, akamnunulia miwani. Mama alishukuru sana, akaifungia kabatini, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano bila shida yoyote.

Sasa mashindano yalikuwa yanakwisha, na ghala la picha lilikuwa linafungwa. Ghala hilo lilijaa sura za watu wa miji mingi waliojitolea kupigwa picha. Je, kama kaka yake alikuwa mmoja wao? Kuingiza picha ya nyumbani kulikatazwa, lakini mwenye shida hachagui mlango. Wenzake walipokwenda kula, aliitoa picha ya kaka yake kwenye pochi, akaiingiza kwenye mashine.

Fundi Cherehani hakumpata mtu. Mpishi alileta wanaume watatu, mmoja ana kipara na umri wa kuwa babu yao. Bi Nyuso akacheka peke yake. Akamwendea Mwanafunzi.

Mwanafunzi alileta uso mmoja tu, kwa uhakika mkubwa. Ulikuwa wa mwanamke aliyeinua miwani juu ya paji la uso: yeye mwenyewe. Bi Nyuso alikuwa amesahau kwamba siku ya kuajiriwa wafanyakazi wote walipigwa picha za ghala.

"Hiyo picha umeitoa wapi?" Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ni kaka yangu, bosi. Alipotea. Nisamehe."

Mkuu aliinama, akaitazama picha, kisha akamtazama yeye. "Ama kweli, shilingi kwa ya pili," akasema kwa upole. "Pole, dada. Lakini mashine imekosea. Huyu ni yeye, wewe ni wewe. Andika kosa."

Akaandika kosa. Mkono ulipofika mwisho wa neno hilo, akaikumbuka miwani iliyofungiwa kabatini na lile dirisha la kila jioni, na machozi yakamtoka hapohapo mbele ya bosi.

Jioni alimkuta mama yake anakunja nguo. Hakungoja kuambiwa. Alivua kilemba, akarudisha nywele nyuma, akaketi na kugeukia dirishani, shavu moja kwenye mwanga.

Mama akaiacha shuka nusu imekunjwa. Akaja polepole, akamshika shavu lile.

"Umekonda, mwanangu," akasema. "Mbona umekawia hivi?"

Bi Nyuso hakuuliza ni yupi kati ya mapacha aliyekuwa akiambiwa.

"Nimerudi, mama," akajibu.