Masika Juu ya Baiskeli ya Kunolea Visu

Kaa, ndugu yangu, nikueleze polepole, maana najua nawe umechoka. Kwenye nchi za theluji, waendesha baiskeli huhamia ndani na kukanyaga palepale hadi baridi iishe. Mwanza hatuna theluji, tuna masika. Mwaka juzi barabara ya Busisi, niliyozoea kufanyia mazoezi, ilikuwa mvua na radi kila asubuhi. Nami nilitaka jambo moja tu: kumaliza mbio za wanawake baada ya mavuno. Mwaka uliotangulia nilishindwa njiani, nikarudi nyumbani Pasiansi juu ya pikapu, nimekumbatia baiskeli yangu.

Mume wangu hunoa visu. Baiskeli yake husimama kwenye stendi, gurudumu la nyuma likiwa hewani, na mkanda wa mpira huzungusha jiwe la kunolea. Nikamwomba nikanyage mimi, yeye ashike visu. Akacheka, akakubali.

Majirani waliposikia, wakaleta kila chenye makali.

"Kaza, mama! Hili panga butu kama kijiko!"

Nikakaza. Kila mume wangu alipokandamiza panga kwenye jiwe, pedali zilikuwa nzito kama za kupanda mlima. Nilidhani uzito ndio faida. Nikaenda hivyo kila siku, wiki hadi wiki, bila kupumzika, mpaka nikawa nasinzia jikoni na mwiko mkononi.

Asubuhi moja mama mkwe akafika kutoka kijijini, kalowa, nami niko juu ya baiskeli nakanyaga. Sisi Wasukuma salamu hatuikati katikati: nyumba, watoto, ng'ombe, mvua, vyote huulizwa na vyote hujibiwa. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto. Nikafungua mdomo, ikatoka hewa tu.

"Baba," akamwambia mwanawe, "mkeo kanuna?"

"Hapana, mama. Anafanya mazoezi."

"Mazoezi ya kutosalimia wakwe?"

Nilishuka, nikapiga magoti, nikamjibu upya hadi ng'ombe wa mwisho. Miguu ilitetemeka hata kusimama ikanishinda. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa naimaliza miguu kabla ya mbio.

Alikaa kwetu mwezi mzima. Mapanga mume wangu akayanoa mwenyewe, mimi nikabaki na visu vidogo, na siku mbili kila wiki nikapumzika. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda mbele yangu akinihoji habari za ukoo wote, na jibu langu likikatika alipiga kelele, "Punguza!"

Baada ya mavuno nilimaliza mbio. Walionitangulia walikuwa wengi, na nilichoka kweli, lakini nilivuka mstari nikiwa juu ya baiskeli.

Basi nawe mvua ikikufungia ndani, mweke mtu mbele yako akuulize habari za nyumbani. Jibu kwa sentensi nzima. Ukikatika, punguza mwendo, na siku mbili kila wiki usikanyage kabisa.