Sauti Tatu Nilizoazima

Walisema sitaweza. Naanza hapo kwa makusudi, kwa sababu waliosema hivyo wengine bado wako hai, wananisalimia njiani kwa tabasamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba radhi. Baba yangu mdogo alilisema mbele za watu, arusini, akiwa na sahani ya pilau mkononi. "Huyu anataka kula kwa kunasa mlio wa feni," alisema. "Muziki hauna ngoma, hauna mwimbaji, hauna wa kuucheza! Atasikilizwa na nani? Na mijusi?" Watu walicheka mpaka wengine wakapaliwa.

Nilikuwa kijana wa Zinga, karibu na Bagamoyo, nimemaliza shule, sina mtu wa kunishika mkono. Nilichokuja kuwa nimejitengeneza mwenyewe. Nyinyi vijana mnaojiita maprodusa mnisikilize vizuri, maana ninayoyaandika hapa hamtayapata kwa kubonyeza kitufe.

Siku ya kwanza kazini nilifika kwenye kituo cha redio, Dar es Salaam, kabla mlinzi hajafungua geti. Bosi wangu alikuwa Mkuu wa Chumba cha Sauti, mzee mwenye miwani mizito na suruali iliyonyooshwa ikasimama. Wakati huo sauti ilinaswa kwenye utepe wa sumaku, ule mwembamba wa kahawia unaozungushwa kwenye magurudumu ya mashine. Utepe ulikuwa adimu. Ulikatwa kwa wembe, ukaungwa kwa gundi, ukatumiwa tena mpaka ukachakaa. Mkuu alinikatia kipande cha urefu wa mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Mtangazaji wa mchana anachelewa kila siku," alisema. "Nitengenezee kitu cha kujaza kimya chake."

"Kwa kipande hiki, mzee?"

"Ningekupa gurudumu zima, ungenirudishia gurudumu zima la upuuzi. Kaa hapo."

Nilikaa. Nikanasa mlio wa feni ya dari, nikaunga ncha mbili za ule utepe zikawa kitanzi, na kwa kuwa kitanzi hakikuwa na pa kuzungukia, nikakipitisha kwenye shingo ya chupa tupu ya soda. Feni ikazunguka na kuzunguka. Mwanzoni nilisikia feni. Baadaye sikusikia feni tena, nilisikia kitu kama chumba kinachopumua. Mkuu alirudi, akasimama mlangoni, akavua miwani. "Kesho nitakukatia kifupi zaidi," akasema. Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba kunyimwa ni nusu ya kazi.

Kisha nikaenda ughaibuni. Nauli nilijilipia. Nilikoenda kulikuwa na baridi ya kuvunja mifupa, asubuhi nilisafisha masufuria ya watu, mchana nilisoma, na nilirudi na diploma ya uhandisi wa sauti. Diploma hiyo ipo ukutani sebuleni kwangu, kwenye fremu ya mninga, na anayeitilia shaka anakaribishwa aje aisome mwenyewe, chai ipo. Watu wa kwetu waliipa jina, "diploma ya makelele." Wanaosema hivyo hawana hata diploma ya kimya.

Huko nilifanya kazi chini ya Msimamizi wa Mitambo, mama mrefu wa maneno machache. Studio yake ilikuwa na sinthesaiza iliyojaza ukuta mzima, mtambo unaotengeneza sauti kwa umeme, nyaya zimening'inia kama mashada. Siku ya kwanza nilichomeka kila waya niliouona. Nilitaka wajue kwamba na mimi nimefika. Yule mama alisikiliza kidogo, akachomoa nyaya zote isipokuwa moja.

"Sasa una mlio mmoja," akasema. "Nitarudi jioni."

"Kwa mlio mmoja nitafanya nini?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Nilikasirika, siwafichi. Lakini kwa hasira ile nilijitungia masharti: mlio usipande juu mara mbili mfululizo, baada ya kila mlio kuwe na kimya kirefu kuliko mlio wenyewe, nikikosea, kosa likae, lisifutwe. Kufika jioni nilikuwa na kipande ambacho yule mama alikisikiliza amefumba macho. Ule ni muziki ninaouita wa kutanda. Hauendi popote, haukuvuti uinuke uucheze. Unatanda chumbani kama moshi wa udi: hakuna anayekaa kuukodolea macho, lakini ukiingia tu unajua humu ndani pamefukizwa. Na ukiutunga bila masharti, unakuwa uji uliomwagika. Masharti ndiyo bakuli.

Sasa linganisheni na mnayoyafanya leo. Kijana anashusha mtandaoni maelfu ya milio, ya nchi ambazo hata kwenye ramani hawezi kuzionyesha, anairundika, anaongeza mawimbi na filimbi, anasema ametunga. Umetunga nini? Mlio huo ni wa nani? Uliuomba? Aliyeupiga unamjua jina? Mtu akiingia jikoni kwa jirani akachota bila hodi tuna jina la kumwita, ila akichota sauti tunamwita msanii!

Niliporudi nyumbani, hoteli mpya ilikuwa inajengwa pwani, mbele kidogo ya Mlingotini. Meneja Mkuu wake alisikia kwamba kuna mtu wa Zinga mwenye diploma, akaniita nitunge muziki wa ukumbi wa mapumziko, wa kulia mchana kutwa bila kujirudia. Nilimwambia wazi kwamba ninafanya kazi kwa masharti. Milio itakuwa mitatu tu, yote ya hapa hapa, na kila mmoja nitauazima kwa mwenyewe kwa idhini yake. Kila mlio utakuwa na kitanzi chake, na vitanzi havitalingana urefu. Vitakuwa kama watu watatu wanaouzunguka uwanja mmoja kwa mwendo tofauti, kila wakikutana wanakutana mahali papya. Na adhana ikianza, muziki wote unyamaze wenyewe.

Sharti hili la mwisho sikulisomea ughaibuni. Kwetu halijatundikwa ukutani popote, lakini adhana ikitoka msikitini, redio dukani inapunguzwa, na hata penye arusi taarabu inasimama, mwimbaji anajifunika vizuri mtandio na kusubiri. Mimi nikaliingiza kwenye mtambo. Ndani ya kisanduku changu cha kupigia vitanzi niliweka saa yenye nyakati za swala, na nyakati hizo, kama mjuavyo, zinasogea kidogo kidogo kwa kufuata jua. Kwa hiyo kimya nacho kilisogea, kila siku kikavikata vitanzi mahali pengine na kuvianzisha upya. Muziki wa masika haukuwa muziki wa kiangazi. Adabu ya mtaani kwetu ndiyo iliyokuwa inautunga. Nionyesheni mwingine aliyefanya hivyo pwani hii, nami nitaishusha diploma yangu ukutani.

Nilikwenda kuazima. Mlio wa kwanza ulikuwa feni ya Mzee Seif, mwenye duka la vitambaa Bagamoyo mjini, ambaye familia yake ilikuja kutoka Omani zamani za babu zao. "Feni hii mke wangu ananiambia kila siku niitupe," alisema. "Leo inaposwa!" Wa pili ulikuwa pumzi ya tairi la lori linapotolewa upepo, kwa Rashidi, fundi pancha wa Msata, njia panda. Wa tatu ulikuwa wa Bi Mwanahawa wa Mlingotini, mpika vitumbua, aliyekuwa na mbuzi ya kukunia nazi ya zamani, ubao wake umelika ukawa mlaini, meno yake yanakwaruza kwa sauti nyororo ambayo sijaisikia kwingine.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, Hamadi. Nasikia unataka kuazima mbuzi yangu."

"Si mbuzi, bi. Sauti yake."

"Ee! Na ukishaondoka nayo, mimi nikune kwa sauti ya nani?" Akacheka na wajukuu zake. Kisha akaacha kucheka. "Utairudisha lini?"

Mnasa sauti gani amewahi kuulizwa hivyo? Nikamwambia sauti haiishi, naichukua na yeye anabaki nayo.

"Nimekuuliza utairudisha lini. Mimi bakuli langu likienda kwa jirani na futari, linarudi na kitu ndani, hata ikiwa tende. Halirudi tupu. Na sauti yangu isirudi tupu."

Nikaahidi. Kwa mdomo wangu nilimwambia kwamba siku ya kufungua ukumbi, yeye na Mzee Seif na Rashidi wataingia, watakaa kwenye viti vile vile vya wageni, wasikie walichoniazima kimegeuka nini. Hilo ndilo lingekuwa la ndani ya bakuli. Akanipa mkono, tukakubaliana, akakuna nazi nami nikanasa.

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Muziki ulikuwa umetanda vizuri, wageni wameshusha sauti zao bila kuambiwa na mtu. Ikafika adhuhuri. Adhana ikatoka kijijini, muziki ukanyamaza. Ukumbi mzima ukatulia, sauti ya mwadhini ikaingia dirishani. Nilisimama pembeni nimejaa fahari. Meneja Mkuu alinijia amekunja uso.

"Mtambo wako umezimika."

"Haujazimika, bwana Meneja. Umesubiri. Tulikubaliana."

"Wageni wangu hawalipii kimya. Jaza hapo. Weka filimbi, weka mawimbi ya bahari."

"Mawimbi yako nje ya dirisha lako!"

Kabla hajanijibu, nikaona geti, hatua chache tu kutoka mlango wa ukumbi. Wenye sauti wangu watatu walikuwa wamesimamishwa na mlinzi. Bi Mwanahawa alikuwa na doti mpya ya kanga, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Mzee Seif alivaa kanzu nyeupe na kofia. Rashidi alikuwa amejisugua mikono ile ya grisi mpaka imekuwa myekundu. Mlinzi alikuwa anawaelekeza kwa kidole: "Wahudumu mlango wa nyuma."

"Sisi si wahudumu," alisema Bi Mwanahawa. "Sisi ndio wenye muziki."

Mlinzi akacheka. Nikamgeukia Meneja Mkuu nikamwambia hao ni wageni wangu, bila wao hakuna hata mlio mmoja humu ndani. Akawatazama toka juu mpaka chini. "Ukumbi ni wa wageni wanaolipa," akasema. "Jikoni kuna spika. Wasikilizie huko."

Damu ilinichemka, na nikikumbuka leo inachemka tena. Jikoni! Mtu mzima aliyeniazima sauti ya mikono yake asikilizie muziki wake katikati ya masufuria, huku waliokuja jana wamejinyoosha kwenye mito! Nilikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku, ambacho kilikuwa kimeanza tena kulia, nikachomoa waya, nikakibeba kwapani. Ukumbi ukabaki mtupu wa sauti. Meneja alinifuata mpaka ngazini, akisema sitapata tena kazi pwani hii. Nilimjibu kwamba pwani hii ilikuwepo kabla ya hoteli yake.

Nilidhani wale watatu watanipongeza. Barabarani Bi Mwanahawa alijifunga kanga yake vizuri, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Umefanya kiume. Lakini hujarudisha."

Kazi nilipata, tena tele. Nilitunga muziki wa vyumba vya kusubiria vya zahanati, wa maonyesho ya vitu vya kale, wa maktaba, kila mmoja kwa masharti yake, na hakuna aliyenirudia kuomba filimbi. Lakini kila nikipita dukani kwa Mzee Seif alinyoosha kidole darini. "Ipo, bwana harusi. Inakusubiri." Nikipita Msata, Rashidi alifungua upepo wa tairi, tsss, akanitazama tu. Na Mlingotini nilikuwa napita kwa njia ya nje.

Kwa hiyo nilipostaafu sikufanya karamu ya kuagwa. Nilijenga ukumbi nyuma ya nyumba yangu Zinga, kwa jasho langu mwenyewe, na nikamwambia fundi mwashi: mlango mmoja, wa mbele. Akaniuliza wa nyuma je, wa kupitishia vyombo? Nikamwambia humu hakuna mtu wala chombo kitakachopita nyuma. Nikamchukua fundi seremala mpaka barabarani pale mbele ya hoteli ile, akavitazama viti kupitia uzio, akanitengenezea vyangu, vikubwa zaidi.

Wakaja. Bi Mwanahawa sasa anatembelea mkongojo, na ile doti ilikuwa imepauka, lakini aliivaa hiyo hiyo. Baba mdogo naye alikuja, bila kualikwa, akakaa karibu na mlango ili atoke upesi. Nikawapa halwa na kahawa, nikawasha kisanduku. Feni ikatanda kwanza, tairi likapumua chini yake, pumzi ndefu na nzito. Kisha ikaja nazi, nimeipunguza mwendo mpaka kila mkwaruzo umekuwa kama mvua inayotembea juu ya makuti.

"Hapo ndo mimi?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Ndo wewe, bi."

Akaulaza mkongojo wake sakafuni. Ilipoingia alasiri muziki ukanyamaza, na adhana ya msikiti wa Zinga ikaja ikapita katikati yetu, hakuna aliyegusa kikombe. Ilipokwisha, iliyotangulia kurudi ilikuwa nazi, peke yake. Mzee Seif akapangusa macho kwa ncha ya kofia. Rashidi alikuwa ameangalia viganja vyake. Baba mdogo hakutoka. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama inaendelea.

Walipoinuka, Mzee Seif alisema, "Nimepokea." Rashidi akasema, "Nimepokea." Bi Mwanahawa alitoka kwa mlango wa mbele, pole pole, nimemshika mkono. Kizingitini akasimama, akageuka kukitazama kiti alichokuwa amekalia.

"Nimepokea, Hamadi," akasema. "Haikurudi tupu. Ukiitaka tena, njoo uazime."