Kamyo ya Sévère Hatungimana

Shemeji yangu, Sévère Hatungimana, hakununua kitu maishani mwake bila kwanza kuamini kwamba muuzaji ni mwizi. Sokoni alitia mkono mpaka chini ya lundo la ndagala, dagaa wa ziwani, akitafuta waliooza, na akiwakosa alikasirika zaidi, kwa sababu ilimaanisha wamefichwa vizuri. Alipokuja kumposa dada yangu Concilie, alimuuliza mama yetu mara tatu kama kuna ugonjwa katika ukoo ambao hajaambiwa. Mama akamjibu kwamba ugonjwa upo, unaitwa Libérat, unakula sana na haufanyi kazi. Libérat ni mimi. Walicheka wote wawili, na tangu siku ile mama na mkwewe walipendana kwa namna ambayo mimi sikupendwa na yeyote kati yao.

Wakati wa Wabelgiji alikuwa fundi wa moteri za mashua kwenye bandari ya Kalundu, Uvira, moteri za mazutu, ambayo wengine huita dizeli. Uhuru ulipokuja wenye mashua waliondoka, mashua zikabaki zimefungwa kamba, na Sévère akakaa nyumbani kwake mtaa wa Songo miaka miwili akiishuku serikali. Ndipo mwaka 1962 jeshi likatangaza kwamba linauza magari yake yaliyochakaa. Kati yake kulikuwa na kamyo moja kubwa ya kijani, yenye magurudumu sita, ya mazutu. Karibu magari yote ya Uvira wakati ule yalikunywa esanse, yaani petroli, na askari hawakuielewa ile kamyo hata kidogo. Sévère aliielewa. Bei ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo lililomtia hofu.

Nilimsindikiza siku tatu mfululizo. Alilala chini yake, akanusa mafuta ya moteri, akayaonja kwa ulimi na kutema. Siku ya tatu alimfuata sajini aliyesimamia mauzo.

“Kama iko muzima, juu ya nini munaiuzisha?”

“Haiko muzima, bwana. Ndiyo maana tunaiuzisha.”

“Na kama haiko muzima, iko na ugonjwa gani?”

“Tungejua, tungetengeneza.”

Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa, na Sévère hakuliamini. Kabla ya kulipa alichukua msumari, akakwaruza alama ndogo kwenye kila chuma: pampu, radieta, starta, hata kifuniko cha tangi. Sajini alicheka mpaka akakaa chini. Wiki iliyofuata, walipotuletea kamyo nyumbani ikivutwa, Sévère aliizunguka na kioo chake cha kunyolea akitafuta zile alama. Zote zilikuwepo, isipokuwa kwenye batri mbili. Zilikuwa zimebadilishwa, tukaletewa mbovu.

“Unaona?” akaniambia, na uso wake uling'aa kwa furaha. Ninawalaumu askari wale hadi leo. Wangemwibia mtu mwingine, ingekuwa hasara tu. Yeye walimharibu kabisa kwa batri mbili.

Tuliitengeneza miezi kumi. Nasema tuliitengeneza, ingawa mimi nilikuwa dereva wa kigari cha misioni, cha esanse, na nilichojua ni buji, zile plagi zinazotoa cheche. Moteri ya mazutu haina buji. Nilimwomba anifundishe, naye alikubali kwa mdomo. Lakini kila alipofika kwenye pampu ya mazutu alikumbuka kwamba tumeishiwa maji.

“Shemeki, unitafutie maji kidogo.”

Nilibeba maji mpaka majirani wakauliza kama tunapika pombe. Nikirudi, nakuta kapo, kifuniko cha moteri, imefungwa na Sévère anapangusa mikono. Hakunichukia. Aliamini tu kwamba siku nitakayoijua kazi ya mazutu ndiyo siku nitakayoondoka na kamyo. Nilikula mezani pake, nililala chini ya paa lake, na bado kila nilipotoka alitazama kama spana zote zipo.

Siku kamyo ilipowaka, mtaa mzima ulitoka nje. Aliipaka rangi ya bluu ya mashua, lakini kijani kilijitokeza kwa chini kila palipokwaruzwa, na watu waliendelea kuiita kamyo ya basoda, ya askari. Tangu hapo mpaka mwisho wa 1963 ilibeba pamba na mpunga kutoka bonde la Ruzizi, ikamlisha yeye na Concilie na watoto wao watatu, Domitille akiwa wa kwanza. Mama yetu alikuwa amehamia kwao. Miguu yake ilivimba, moyo wake ulichoka, hakuweza kutembea hata kufika barabarani. Jumapili Sévère alimwinua, akampandisha mbele karibu naye, akampeleka kanisani. Mama alipenda sana kukaa juu vile na kuwaona watu vipara vyao.

Mwaka 1964 uasi ulipoanza kuvuma, mji mzima ukawa na tabia ya Sévère. Watu walitazama nani anamsalimia nani. Askari walimshuku kwamba anawapelekea waasi mazutu. Waasi, kwa tulivyosikia, walimshuku kuwa mtu wa serikali, kwa sababu jeshi haliwezi kumuuzia kamyo mtu asiye rafiki yake. Safari hii hata mimi niliona ana haki ya kuogopa. Jambo moja tu hakulishuku, nalo ni ahadi aliyompa mama mbele yetu sote.

“Vita ikifika, weye utapanda wa kwanza. Tutaenda Burundi, hautakanyaga chini.”

Mama aliamini, nasi tuliamini. Ndiyo sababu hatukutafuta mtumbwi, wala watu wa kumbeba, wala njia nyingine yoyote.

Ni katika miezi hiyo alipoanza mchezo wake wa kila jioni. Akishaegesha kwenye lupango, ndani ya ua wetu, alifungua kapo akatugeuzia mgongo, mkono ukaingia, mkono ukatoka, basi. Leo najua alikuwa analegeza nati moja ya mpira unaopitisha mazutu, nusu mzunguko. Kwa macho huoni kitu. Lakini hewa inaingia polepole, na moteri ya mazutu ikishavuta hewa inakufa, wala haiwaki tena mpaka mtu anayejua aitoe hewa ile. Asubuhi alikaza, akatoa hewa, akaenda kazini.

Mwezi wa nne, usiku mmoja, askari sita walikuja kuichukua kwa nguvu. Waliiwasha, ikatoka, ikafika kwenye kona, ikakohoa, ikafa. Walifungua kapo wakatafuta buji, wakatukana, wakaupiga mlango mateke, wakaondoka kwa miguu. Sévère alisimama mlangoni mikono nyuma, mnyenyekevu kama katekista. Walipopotea alicheka mpaka machozi. Concilie hakucheka.

“Baba Domitille, ile kitu ulifanya, umuonyeshe Libérat. Ao unionyeshe minye. Siku hauko, nani atatuwashia?”

“Nitakuwako.”

“Na kama hauko?”

“Mama Domitille, nimesema nitakuwako.”

Mwezi wa tano, siku ya Jumatano, alikwenda Bujumbura kwa boti kutafuta mipira miwili ya gurudumu. Hakwenda na kamyo kwa sababu alishuku watu wa mpakani wangeizuia. Alisema Alhamisi mchana atakuwa nyumbani. Nati yake alikuwa ameilegeza kama kawaida, na hakumwambia mtu.

Alhamisi asubuhi risasi zilisikika kwenye milima nyuma ya mji, halafu zikasikika karibu zaidi. Mimi na Concilie tulimwinua mama tukampandisha mbele, mahali pake. Tukatupa magodoro nyuma, watoto juu ya magodoro. Nikawasha. Ikawaka, na Concilie akapiga makofi. Ilifika langoni, ikakohoa, ikafa, vilevile kama ilivyowafia askari.

Nilifungua kapo. Miezi kumi nilikuwa nimeosha kila chuma kilichokuwa mle, na sikujua hata kimoja kinafanya kazi gani. Aibu ile ninayo mpaka leo. Niliisaga starta mpaka batri zikaanza kulegea, nikaogopa kuzimaliza. Barabarani watu walipita na mizigo vichwani. Jirani mmoja alisimama akaniuliza kama nimeikwamisha pale makusudi nikiwangojea waasi niwape. Nilifunga kapo.

Niliinama nikambeba mama mgongoni. Labda nilikwenda hatua mia. Nilisikia moyo wake ukinigonga vibaya, pumzi ikamkatika, akaniomba nimrudishe. Concilie alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto mdogo alikuwa bado wa kubebwa. Mama aliliona hilo kabla yetu.

“Muende na batoto,” akasema alipokaa tena mbele. “Sévère aliniahidi. Iko anakuya. Minye nitamungoya hapa.”

Kizee mmoja wa jirani, aliyekataa kukimbia, aliahidi kumpa maji. Tukaondoka. Tulimwacha mama yetu kwenye kamyo tukaondoka, na hakuna siku nisiyoyasema maneno hayo moyoni.

Alasiri tulimkuta Sévère huko Gatumba, upande wa Burundi, amekwama, kwa sababu boti zilikuwa zimesimama na mpaka umefungwa kwa wanaorudi. Alituona tukija kwa miguu, akawahesabu watoto kwa macho, halafu akaniangalia mimi.

“Kamyo iko wapi?”

Niliinama kumshusha mtoto mabegani.

“Libérat, uliuzisha kwa nani?”

Concilie ndiye aliyejibu. “Iko mu lupango. Ilikataa. Mama iko ndani.”

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Mkono wake ulizunguka hewani, kidogo tu, ukafungua nati ambayo haikuwepo. Alituambia yote mwenyewe, kwa sauti ndogo, na Concilie alimsikiliza mpaka mwisho.

“Miaka kumi na moya niko muke yako,” akamwambia. “Juu ya nini haukuniambia minye?”

“Niliogopa utaambia ndugu yako.”

Nami nilikuwa nimesimama palepale. Alilisema bila ubaya wowote, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Najuta kwamba sikumpiga. Nadhani ingetusaidia sote wawili.

Alitaka kurudi mwenyewe. Lakini waliokuja nyuma yetu walisema waasi wameshaingia mjini na wanaulizia nyumba ya yule rafiki wa jeshi. Concilie alimshika shati kwa mikono miwili. Nikasema nitakwenda mimi asubuhi, ila anifundishe. Na hata wakati ule, naapa, alitazama kwanza kushoto na kulia kuona nani anasikiliza. Kisha alinishika vidole akavikunja yeye mwenyewe. Nati iko chini ya filtre, lile chujio la mazutu, upande wa dereva, ikaze nusu mzunguko. Legeza skrubu ya juu. Piga ile pampu ya mkono mpaka mazutu yatoke bila povu, kisha funga. Kazi aliyonificha muda wote ule ilikuwa ya dakika tano.

Ijumaa, baada ya kuwasihi sana walinzi wa mpaka, niliruhusiwa kuvuka. Huko Kavimvira, kwenye kuingia Uvira, nilikuta kizuizi cha vijana wa uasi wenye majani vichwani. Niliwaambia nakwenda kumchukua mama yangu. Walinikagua viganja, wakanishuku kuwa askari, halafu wakanishuku kuwa mpelelezi, mwishowe wakachoka kunishuku wakaniacha nipite.

Kwenye lupango palikuwa kimya. Mlango wa kizee wa jirani ulikuwa wazi na yeye hakuwepo tena. Mama alikuwa amekaa mbele, kitenge kimefungwa vizuri, kichwa ameegemeza mlangoni, kikombe kitupu kando yake. Alikuwa amekufa, tangu saa nyingi. Ndani ya chuma kile joto lilikuwa kali kiasi kwamba sikuweza kushika usukani bila kitambaa.

Sikulia. Nilifungua kapo, sijui kwa nini nilianza na hilo. Nilikaza nusu mzunguko, nikalegeza skrubu, nikapiga pampu, povu likaisha, nikafunga. Kamyo iliwaka mara moja. Hapo ndipo nililia, kwa hasira zaidi ya huzuni, nikamtukana Sévère matusi yote ninayoyajua kwa Kiswahili na kwa Kirundi, mbele ya mama.

Nilimwacha mama kama alivyokaa, kichwa mlangoni, nikaondoka. Kwenye kizuizi kijana mmoja alichungulia ndani, akawaambia wenzake ni maiti, wakainua mti. Kamyo hawakuitaka.

Gatumba watu walikuwa wamejaa kandokando ya barabara. Sévère alisikia moteri kabla hajaniona. Nilimwona kwa mbali akiruka, akiwashika mikono watu asiowajua na kuwaonyesha barabara, na nilipokaribia nikamsikia anavyopiga kelele.

“Iko shemeki yangu! Shemeki yangu ndiye iko anaendesha!”

Hakuwahi kunisifu mbele ya mtu yeyote. Nilitoa kichwa dirishani nikampigia kelele asisogee, lakini moteri ilinizidi sauti. Alikuwa ameshaanza kukimbia kando ya kamyo, upande wa mama, anacheka, anamwita kwa jina la heshima alilozoea kumwita, na nilikuwa bado sijasimama vizuri alipofungua mlango.